Macho yameangalia, akili je? Maswali yenu kuhusu kuona na kukumbuka

Mmeuliza mengi, yanayofanana nimeyaunganisha. Tuanze na hili manake ni la uhai wa watu.

Natoka barabara ya mtaani naingia barabara kubwa, nimeangalia kulia, kushoto, kulia tena, peupe kabisa, nikaingia na bodaboda hiyo hapo mbele ya bampa. Hakuna aliyeumia ila usingizi sipati. Wallahi sikuiona. Macho yangu yameharibika? (Dereva, Morogoro)

Pole sana kaka, na shukuru Mungu. Kapime macho, kupima ni vizuri, ila usishangae ukiambiwa yapo sawa, kwa sababu shida hii ni ya macho ya binadamu wote. Nyosha mkono mbele yako uangalie ukucha wa dole gumba. Eneo la ukubwa huo, au zaidi kidogo, ndo pekee unaloliona kwa ukali kabisa, vya pembeni vyote ni ukungu ukungu na ubongo unakujazia mwenyewe. Ndo maana macho hayatulii, yanaruka kama mara 3 au 4 kila sekunde, na wakati yanaruka ubongo unaizuia ile picha ili usione dunia inayumba. Sasa ukigeuza shingo haraka haraka, kulia, kushoto, umeruka kipande kirefu cha barabara bila kukiona na hakuna kitu kinakushtua kwamba hapo kuna pengo, unaletewa barabara nzima, tupu, safi. Pikipiki inayokuja moja kwa moja kwako ni nyembamba, inaenea ndani ya pengo hilo bila shida.

Na hata jicho likitua juu yake bado haitoshi. Mwaka 1999 watafiti Daniel Simons na Christopher Chabris, pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha watu video ya vijana wanapasiana mpira wa kikapu, wakawaambia wahesabu pasi za wenye nguo nyeupe tu. Katikati ya mchezo anapita mtu kavaa gorila, sio pembeni, katikati kabisa ya picha. Karibu nusu ya watazamaji hawakumuona! Mwaka 2013 watafiti wengine wakawapa madaktari 24 wa radiolojia picha za mapafu watafute vivimbe, wakapachika humo kagorila kakubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 hawakukaona, na mashine ya kufuatilia macho ilionyesha zaidi ya nusu ya hao 20 walikaangalia moja kwa moja. Hawa ni wataalamu, kazi yao ni kuona. Ila akili ilikuwa inatafuta kitu kimoja, kingine kikapita.

Wewe hapo njia panda akili inatafuta magari, inatafuta lori, inatafuta basi. Kwa hiyo nakuomba, geuza shingo taratibu, simamisha macho karibu, kati, mbali, kila upande, na jiulize kimoyomoyo "pikipiki iko wapi" kabla hujaachia breki. Simu acha kabisa, hata ile ya hedifoni, kinachokupofusha ni maongezi yenyewe, mkono kuwa huru hakusaidii kitu, David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah amelipima hili kwa miaka mingi. Na ndugu zangu wa bodaboda, washeni taa mchana na mvae reflekta, tafadhali, msisubiri trafiki.

Nimesuka juzi, mume wangu mpaka leo hajasema kitu. Ananiona kweli? (Mama Abdul)

Anakuona dada, ila mabadiliko hayaoni, hivyo ni vitu viwili. Mwaka 1998 Simons huyo huyo na Daniel Levin walifanya hivi: mtafiti anamsimamisha mpita njia anamuuliza njia, wakiwa wanaongea wanapita watu wamebeba mlango katikati yao, na nyuma ya mlango mtafiti anabadilishana na mtu mwingine, sura nyingine, sauti nyingine, nguo nyingine. Karibu nusu wakaendelea kuelekeza tu. Mtu mzima kabadilishwa! Kwa hiyo kwa ushahidi huu wa nywele peke yake usimhukumu, muulize "nimependeza?" uone.

Naenda chumbani kuchukua kitu, nikifika tu nimesahau. Nina miaka 34, ndo uzee unaanza?

Hapana. Gabriel Radvansky wa Chuo Kikuu cha Notre Dame alichunguza hili, inaonekana tukivuka mlango akili inafunga tukio la chumba cha kwanza na kufungua jipya, kile ulichobeba kichwani kinalegea, hasa kama kichwa kilishajaa mambo. Watu wanapenda kurudi walikotoka ili wakumbuke, kwenye majaribio yake kurudi hakukusaidia. Taja kitu kwa sauti unapoinuka, "nafata chaja", inatosha.

Nipo form four, narudia notsi mpaka usiku wa manane. Kwenye mtihani naiona kabisa ile kurasa, najua jibu lipo juu kushoto, na nililipigia mstari mwekundu, ila maneno hayaji. Nifanyeje niwe na kumbukumbu ya kamera?

Mdogo wangu, kwanza hiyo ya kamera iache, ushahidi kwamba kuna mtu mzima anayesoma kurasa kichwani kama picha ni hafifu mno. Ubao wa akili wa hapo kwa hapo unabeba kama vitu 4 kwa wakati mmoja, Steven Luck na Edward Vogel walionyesha hivyo mwaka 1997 kwa rangi na mistari iliyoinama pande tofauti.

Ila kutambua kitu ulichokiona zamani, hapo tuna uwezo wa ajabu. Lionel Standing mwaka 1973 alionyesha watu picha 10,000, baadae wakawekewa picha ya zamani na mpya waseme ipi wameiona, wakapatia kama 83 kati ya 100. Sasa hapa ndo unaponaswa. Ukirudia notsi mara ya tano kila mstari unautambua, unasema hii naijua, na kweli unaitambua, lakini mtihani hauulizi kama unaitambua kurasa, unataka uitoe kichwani ukiwa na karatasi tupu, na hilo hujawahi kulifanyia mazoezi hata siku moja.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waligawa wanafunzi, wengine wasome kifungu mara mbili, wengine wasome mara moja afu waandike wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, walioandika walichokumbuka walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kwa hiyo soma mada, funga daftari, andika yote unayokumbuka, fungua usahihishe kwa kalamu nyingine, kesho kutwa rudia bila kufungua. Itauma na utajiona hujui, endelea hivyo hivyo, na usiku ulale manake ubongo unapanga yaliyosomwa wakati umelala.

Mtaani kwetu kijana kapigwa nusu kufa. Dada mmoja alisema "nimemuona kwa macho yangu mawili, ndo kanipora simu". Siku mbili mbele ikajulikana siye. Huyu dada si muongo?

Hapana, na hili linaniuma sana. Inawezekana kabisa aliamini kila neno. Kumbukumbu haikai kama video, kila ukiikumbuka unaijenga upya, na mtu mwingine anaweza kuchomeka tofali lake humo. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha watu video za ajali, wengine wakaulizwa magari yalikuwa spidi gani "yalipobamizana", wengine "yalipogusana". Wa kwanza wakakadiria kama kilomita 65 kwa saa, wa pili kama 51. Video zile zile! Kwenye jaribio lao la pili, wiki moja baadae, walioulizwa kwa neno kali ndo walioongoza kusema waliona vioo vimevunjika, na vioo havikuwepo.

Marekani, jimbo la North Carolina, mwaka 1984 binti wa chuo alibakwa, na wakati anafanyiwa ule unyama alijilazimisha kuisoma sura ya yule mtu ili aje amtambue. Polisini akamchagua Ronald Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride la utambulisho, watu wamepangwa mstari aonyeshe ni yupi. Kila alipomchagua ndo sura ya Cotton ikazidi kukaa kwenye kumbukumbu yake. Mahakamani hakuwa na shaka hata chembe. Cotton alikaa jela zaidi ya miaka 10 mpaka vipimo vya DNA vilipomtoa mwaka 1995, mhalifu alikuwa mtu mwingine.

Binti huyo aliangalia kwa makusudi. Sasa wa kwenu, usiku, sekunde chache, mwili unatetemeka, labda macho yote yapo kwenye kisu, afu umati unauliza "ni huyu eeh? ni huyu?" Akisema ndiyo mara moja tu, ndo imekuwa kumbukumbu. Ukiwepo siku nyingine, kaka, uliza "alikuwaje?" usiulize "ni huyu?", muite mjumbe, piga polisi 112, na aliyeibiwa aandike alichokiona peke yake kabla hajaongea na yeyote. Kijana akae chini, asiguswe, hadi gari ifike.