Reli ya plastiki chini ya mnyororo wa konveya: usibane ncha zote mbili

Umeuliza kama reli, yaani ule ukanda wa plastiki ambao mnyororo wa konveya (mtambo wa kusafirishia bidhaa) unateleza juu yake, ubanwe ncha zote mbili na kupakwa oili. Hapana ndugu, bana ncha moja tu, ile mnyororo unapoingilia, na nyingine uiache huru. Polietilini ngumu (UHMW), plastiki ya reli hizi, inarefuka karibu milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila digrii 1. Reli ya mita 3 ikipanda digrii 20 inaongezeka kama milimita 12. Hapa Lubumbashi ukiifunga asubuhi ya baridi ya mwezi wa 7, hesabu joto la mwezi wa 10: ikikosa pa kwenda inainuka katikati na mnyororo unaing'oa. Nafanya matengenezo kwenye laini ya chupa kiwandani, hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi.

Mahali pa kuungia kata mshazari, acha mwanya, na kwenye ncha inayopokea mnyororo, ukingo mkali ukate kidogo kwa kisu uwe mteremko. Vichwa vya skrubu vizame kabisa. Pitisha ukucha kufuata mwendo wa mnyororo. Ukikwaruza popote, rekebisha kabla ya kuwasha.

Oili uliyotaka kupaka, acha. Inashika vumbi na kugeuka msasa. Kama laini yako imetengenezwa kulainishwa kwa maji ya sabuni, hiyo endelea nayo.

Ila polietilini haifai penye joto la kupita digrii 80, wala penye vipande vya kioo au vumbi la mawe: chembe zinazama ndani ya plastiki na kuula mnyororo. Hapo weka reli ya chuma kisichoshika kutu.