Mawifi, wake na mfuko wao: jibu kwa swali la wiki

Wiki hii mliuliza: ni wapi Afrika ambako wanawake wanagawana uongozi na wanaume kweli, si kwa kujaziwa viti tu, na wanafanyaje? Jibu langu ni kusini mashariki mwa Nigeria, kwa Waigbo. Wengi hukosea mwanzoni kabisa kwa kumtafuta mwanamke ndani ya baraza la wanaume. Huko mwanamke alikuwa na baraza lake, pesa zake na adhabu zake, na kushirikiana kulianzia hapo.

Mwanamke wa Kiigbo aliyeolewa ana uanachama wa pande mbili. Kwao alikozaliwa ni mmoja wa umuada, mabinti wa ukoo, awe kwa mume, mjane au ameachika. Kwa mumewe ni mmoja wa inyom, wake wa ukoo ule. Kwa kuwa ni mwiko kuoa ndani ya ukoo, kila anayeolewa anakwenda kwa watu wengine huku kwao wakiendelea kumhesabu. Ukitaka kuielewa nguvu ya umuada, mfikirie wifi mmoja unayemjua, halafu waje 40 kwa pamoja, wenye mamlaka ya kimila, na wakae siku kadhaa. Ndugu wakigombea shamba la marehemu baba yao, umuada ndio huitwa kuwaketisha chini. Mkaidi huambiwa kwamba msiba ukimfika hawatafika kwake, na mazishi ambayo umuada wameyasusia ni aibu isiyosahaulika. Kiongozi wao, Isi Ada, hapigiwi kura: kwa kawaida ni aliyewazidi wote umri. Inyom nao husimamia mambo ya pale wanapoishi, kama njia ya kwenda mtoni, usafi wa soko na mazao yanayoliwa na mifugo ya watu.

Yote hayo yalisimama juu ya pesa. Kwa desturi, mafuta ya mawese yalikuwa ya mume na kokwa za ndani ya chikichi zilikuwa za mke. Kiazi kikuu kilikuwa zao la heshima la wanaume, magimbi yalikuwa ya wanawake, na muhogo ulipoingia wakauchukua wao. Soko lenyewe lilikuwa mikononi mwao, likizunguka kwa juma la siku nne: Eke, Orie, Afo, Nkwo. Mwenye kuuza kokwa zake mwenyewe hana haja ya kumwomba mtu pesa ya mchango. Isusu, ambayo sisi tungeiita upatu, ilikuwepo kabla benki yoyote haijafungua mlango.

Adhabu yao kubwa iliitwa kumkalia mwanamume. Aliyempiga mkewe kupita kiasi, aliyevunja kanuni za soko au aliyeachia ng'ombe wake wale mazao ya wanawake aliamkia uani kwake kundi zima. Waliimba nyimbo zinazotaja kosa lake kwa jina, wakacheza, wakagonga kuta kwa michi ya kutwangia, na pengine wakaikandika nyumba yake matope au kuibomoa. Hawakuondoka mpaka aombe radhi na kuahidi kujirekebisha. Wanaume wengine hawakuingilia, maana aliyejitia kumtetea mwenzake angeweza kuwa wa pili.

Kwenye miji ya kando ya mto Niger, kama Onitsha na Asaba, mpango ulikuwa wazi zaidi: kando ya mfalme, Obi, alikuwepo Omu. Msimchanganye na malkia mke wa mfalme. Omu alikuwa na baraza lake, ilogo, na alisimamia soko pamoja na mashauri ya wanawake. Onitsha haijamsimika mwingine tangu Omu Nwagboka alipofariki katika miaka ya 1880, ila upande wa Asaba cheo hicho kingali hai.

Waingereza walipofika walitafuta mtu mmoja wa kumpa amri kila mahali, na wakampata mwanamume kila mahali, hata pale ambapo hakuwahi kuwepo chifu. Hao ndio machifu wa hati, yaani machifu waliotawala kwa karatasi ya Waingereza. Mwanamke aliyepewa hati hiyo ni Ahebi Ugbabe wa Enugu-Ezike, mwaka 1918. Kwa hao wengine mabaraza ya wanawake hayakuwa na maana yoyote. Mwaka 1928 wanaume walianza kutozwa kodi. Novemba 1929, kijijini Oloko, mtu aliyetumwa na chifu Okugo kuhesabu watu na mifugo alimkuta Nwanyeruwa akikamua mawese, na walipofarakana juu ya hesabu hiyo, iliyoonekana kama mwanzo wa kuwatoza wanawake nao kodi, mama yule akaenda kuwaita wenzake. Wakatuma makuti machanga ya mchikichi kijiji hadi kijiji, kama ishara ya wito. Majuma machache baadaye maelfu ya wanawake, Waigbo, Waibibio na wengine, walikuwa wanazikalia ofisi za machifu. Askari walifyatua risasi na zaidi ya wanawake 50 waliuawa. Wageni walidhani kuna njama, ilhali njia ilikuwa ya siku zote: kila mke wa Oloko ana dada zake kijiji kingine, na kila siku ya nne kuna soko.

Sasa nije kwenye chombo kinachofanya kazi leo, maana historia peke yake haijengi zahanati. Ni Mkutano wa Agosti. Kila mwaka mwezi huo wanawake wanaoishi Lagos, Abuja, Kano na hata Ulaya hurudi mji wa mume. Agosti haikuchaguliwa ovyo: shule zimefungwa, na ni msimu wa kiazi kikuu kipya.

Kazi huanza miezi kadhaa kabla. Kila tawi la mjini hukutana mara moja kwa mwezi, hukusanya mchango wake na kuteua mjumbe wa kubeba ripoti. Wakifika nyumbani huanza na kitongoji, kisha mji mzima, kisha kanisa, na makosa mengi huanza pale ngazi ya kitongoji inaporukwa, kwa sababu mashauri madogo hubebwa juu na kula siku nzima. Kikao cha mji huwa na sala, kuita majina, taarifa ya mweka hazina, taarifa ya mradi wa mwaka jana, mada ya afya au shule, mashauri, na mwisho mchango mpya. Asiyefika bila sababu hutozwa faini. Mgonjwa, mzazi aliyejifungua juzi na mfiwa husamehewa. Jumapili kuna ibada ya shukrani.

Kwenye hesabu ndipo penye mtego. Tuseme mji una wanawake 600 na mchango umepangwa naira 5,000: kwenye karatasi ni milioni 3. Wakilipa 7 kati ya 10, una milioni 2.1, na bado hujatoa chakula, viti na usafiri wa wajumbe. Kamati iliyokwisha kusaini na fundi kwa milioni 3 itaacha ukuta usio na paa. Bajeti ipangwe kwa pesa iliyoingia mwaka jana, na akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja akiwa mkazi wa kijijini, la sivyo hundi itasubiri mtu wa Lagos.

Ugonjwa mwingine ni sare. Kitenge kipya kila mwaka, na mwenye kuvaa cha mwaka jana anatazamwa. Mjane asiyeweza huacha kuja, na mwenye kujua hali ya kijiji kuliko wote anakuwa hayupo kikaoni. Mji wenye busara hununua sare moja kwa miaka mitatu au minne.

Na ushirikiano na wanaume uko wapi? Uko kwenye ardhi. Pesa ni ya wanawake, lakini kiwanja ni cha umunna, wanaume wa ukoo, na ndipo pande mbili zinapolazimika kukaa meza moja. Neno la mdomo la mzee mmoja halitoshi, kwa sababu akifa wanawe watadai kiwanja na jengo lililo juu yake. Kabla ya tofali la kwanza kuwe na ramani ya mpima na saini za wazee wa kila tawi la umunna, na nakala ikae kwa mama mweka hazina. Zahanati inataka karatasi nyingine ya ziada: huduma ya afya ya msingi Nigeria iko chini ya serikali, kwa hiyo barua ya kuahidi muuguzi itangulie msingi. Jengo lisilo na muuguzi huishia kuwa stoo ya viti vya misiba.

Kisima nacho kina hesabu zake. Kwenye miinuko ya Nsukka maji yako zaidi ya mita 100 chini, na pampu ya kuyavuta inakula dizeli kila siku. Wanaochangia kuchimba tu huwa na maji mwaka wa kwanza na bomba la maonyesho mwaka wa pili. Uzeni maji kwa bei ndogo kwa ndoo, na anayeyauza aandike daftari linalosomwa Agosti.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Nigeria, katika shauri la Ukeje, iliamua kwamba mila ya kumnyima binti urithi wa baba yake inakwenda kinyume na katiba. Hukumu hiyo haijafika kila uwanja wa kijiji, na anayeidai peke yake huitwa mkorofi. Akija na umuada nyuma yake, mazungumzo huwa mengine. Umuada hao hao, kwa upande mwingine, wanaweza kumbana mjane wa kaka yao akose hata pa kulala, kwa sababu yeye ni inyom na wao ni mawifi. Ndiyo maana miji mingine sasa humtaka Isi Ada na kiongozi wa inyom wakae pamoja kwenye kila shauri la mjane, na wote wawili watie saini kitabuni.