Kesadia za maharagwe: waachie watoto wapike

Kama uko na chapati za jana na maharagwe kwa friji, lanchi ya watoto iko karibu tayari, imebaki tu chizi kidogo na mtu wa kuikwaruza, na huyo mtu anaweza kuwa na miaka sita. Mimi nimepikia watoto kesadia sana, wangu na mabinamu zao na wale wa majirani wakija kucheza wikendi, na wazazi wenzangu huniuliza nafanya aje watoto wakule mboga bila vita. Nawaambia sifanyi kitu, wanapika wenyewe.

Kwa wale hawajawahi kuonja, kesadia ni chakula cha Mexico. Unachukua tortilla, ile chapati yao nyembamba, unaweka chizi, unakunja, unapasha kwa pani kavu mpaka chizi iyeyuke ishikanishe kila kitu. Basi. Vingine vyote ni vya kuongeza, wao huweka maharagwe, uyoga, pilipili, hata maua ya malenge, na hakuna mahali imeandikwa lazima nyama iwe ndani. Alafu ukiangalia vizuri hiki chakula si kigeni kwetu, juu mahindi, maharagwe, nyanya, pilipili, malenge na ovakado zote asili yake ni huko Amerika, mahindi yakafika Pwani yetu na Wareno karne ya 16, na chizi yenyewe Wamexico waliipata baadaye Wahispania walipokuja na ng'ombe. Mtoto amelelewa na githeri Nairobi hapa hiyo ladha ya ndani anaijua kitambo.

Kifungua mimba wangu aliniuliza, "Mama, kama wao wanatumia mahindi, mbona sisi tusitengeneze na unga wa ugali?" Swali zuri sana, na nilimwacha ajaribu na unga wa kiganja kimoja na maji ya vuguvugu, akasukuma, ikakatikakatika yote. Wamexico mahindi yao huyachemsha kwanza na maji ya chokaa ndio wayasage, na hiyo chokaa inabadilisha mahindi, unga wake unashikana vizuri unaweza kuupanua uwe mwembamba. Unga wetu haujapitia hapo. Kwa hivyo sisi tunatumia ngano, na si uongo, hata kaskazini ya Mexico tortilla za ngano ndio wanakula sana.

Sasa chapati. Supamaketi kubwa ziko na tortilla za pakiti lakini bei yake kwa familia inauma, na kusema ukweli chapati yetu ni tamu zaidi. Mimi huchukua zile zimelala, ya jana imekauka kiasi na haitoi mafuta mengi kwa pani. Ikiwa nene sana haitakunjika, itapasuka katikati, kwa hivyo ukisukuma zako Jumamosi sukuma chache nyembamba uziweke kando. Kama hupiki chapati nyumbani nunua kwa yule mama wa kioski anayezitengeneza nyembamba, kila mtaa yuko. Chapati ikiwa ngumu ipashe kidogo pande zote kabla ya kukunja, itakuwa laini.

Maharagwe ndio kitu nataka msikie vizuri. Aina yoyote inaenda, nyayo, rosekoko, wairimu, ya njano, mimi napenda ya njano juu yanaiva haraka na yanapondeka laini kabisa. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga hayo maji, weka maji mapya na uchemshe kwa moto mkali mwanzo, usiyaanze na moto mdogo. Maharagwe, sana sana yale mekundu, yakiwa mabichi yako na sumu ya asili ambayo inaondoka tu yakitokota vizuri, na mtoto akila ya kiini kigumu atatapika na kuumwa na tumbo. Yaive mpaka ukifinya na vidole yanasagika. Mimi huchemsha mengi Jumapili kwa jiko la makaa juu gesi siwezi kuimalizia hapo, nagawa kwa kontena, mengine friji mengine friza.

Siku ya kupika unakaanga kitunguu na kitunguu saumu, unaweka binzari ya pilau kiasi, ile nyembamba, alafu maharagwe na maji yake kidogo sana, unaponda na mwiko mpaka yawe mazito, ukipitisha mwiko katikati njia inabaki wazi. Chumvi usiweke mpaka uonje pamoja na chizi, juu chizi iko na chumvi yake. Hata ndengu zinaenda. Hata githeri ya jana, iponde nusu nusu, ibaki na punje za mahindi za kutafuna, watoto wa dada yangu siku hizi wanaomba hiyo tu.

Chizi ni ghali, sote tunajua, lakini hapa huhitaji nyingi. Kipande cha gramu 250 kinanitolea kesadia sita au saba. Nunua cheddar au mozzarella ya kipande ukwaruze mwenyewe na greta, ile ya pakiti imekwaruzwa tayari huwa imenyunyiziwa wanga ndio isishikane na haiyeyuki vizuri. Paneer, ile chizi ya Kihindi ya kule Parklands, ni tamu lakini haiyeyuki, ukitaka kuitumia ikaange kama sehemu ya mboga na bado utafute kitu cha kugandisha. Alafu siri ni hii, chizi inaingia mara mbili, chini kidogo na juu kidogo, maharagwe na mboga katikati, ndio ikiyeyuka ishike chapati pande zote. Ukiweka chizi upande mmoja tu, mtoto akiuma kila kitu kinamwagikia kwa nguo.

Na kama unapikia watoto wa wenyewe, uliza kwanza. Binti yangu ako na rafiki wa darasa lake, kwao ni Wahindu hawali nyama wala mayai, na kupitia mama yake ndio nilijua chizi zingine hugandishwa na kitu kinachotoka kwa tumbo la ndama, kwa hivyo kuna familia hazili chizi yoyote tu. Soma pakiti, nyingi huandika kama inafaa watu wasiokula nyama, na ukikosa kuona umuulize mzazi mwenzako. Maziwa pia, kuna watoto yanawadhuru, si kuchagua chakula, ni ugonjwa, usimlazimishe mtoto wa mtu.

Sasa watoto jikoni. Maoni yangu yote iko hapa: mpe mtoto kazi ya kweli. Si kumpa bakuli tupu akoroge ndio asikusumbue, watoto wanajua, wanaona kabisa hiyo kazi haina maana na baada ya dakika mbili wako kwa TV. Kazi ya kweli ni ile isipofanywa chakula hakitoki. Na kesadia imejaa hizo kazi. Wa miaka mitatu anaponda maharagwe yaliyopoa, anachambua dhania. Wa mitano, sita anakwaruza chizi ukiwa karibu, mfunze akiacha kipande kidogo mwisho asikimalize, vidole visifike kwa greta, hicho kipande ni chake anakula. Wa nane, tisa anakata hoho na nyanya kwa kisu kidogo, vidole vimekunjwa ndani, kibao kimewekwa kitambaa chini kisiteleze. Huyo mkubwa pia ndiye msomaji wa pakiti na msimamizi wa sahani.

Na wachague. Mimi hupanga bakuli kwa meza, maharagwe, sukuma, hoho, nyanya, mahindi, dhania, chizi, kila mtoto anapewa chapati yake na anajaza upande mmoja mwenyewe. Sheria ni mbili tu, maharagwe lazima, na mboga moja lazima, ile anataka. Jumamosi fulani kitinda mimba wangu, ako na mitano, alichukua kijiko akachora mstari kwa maharagwe katikati ya chapati yake, akamwambia dada yake, "Hapa hoho isivuke." Akaanza kupanga majani ya dhania moja moja, mashina anaweka kando, ulimi uko nje, watu wote tukamngoja. Hoho hakula siku hiyo na sikumlazimisha. Lakini sukuma alikula karibu yote, juu yeye mwenyewe ndiye alikuwa ameikamua maji kwa mikono yake na alikuwa ametangazia kila mtu aliyeingia hiyo nyumba.

Hiyo ya kukamua maji ni muhimu kuliko watu wanavyofikiria. Maji ndio adui wa kesadia. Sukuma ikate nyembamba kabisa, ikaange na kitunguu mpaka ikauke, ipoe, mtoto aikamue. Spinachi ndio zaidi, inatoa maji mengi sana. Nyanya toa mbegu na ule ute wa ndani, tumia nyama yake peke yake. Uyoga ukaange mpaka umalize kutoa maji na uanze kubadilika rangi. Nyanya na hoho usiziache nje kabisa hata kama watoto wanalia, juu vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua ile madini ya chuma ya maharagwe, na kwa mtoto asiyekula nyama hiyo inahesabika. Akikataa ndani ya chapati mpe kando kama kachumbari isiyo na pilipili, utashangaa vile ataila.

Moto ni wa mtu mzima. Hapo sibadilishi mawazo. Sisi wengi tunapika na meko, ule mtungi wa kilo 6 na bana yake juu, umekaa chini sakafuni, yaani moto uko kwa kimo cha mtoto wa miaka miwili. Kwa hivyo kazi zote za watoto zinafanyika kwa meza, mbali, na chapati zikishajazwa mimi ndiye nazibeba kwenda kwa moto. Hakuna kukimbia, hakuna mtu kupita nyuma yangu, na mshikio wa pani unaangalia ukuta. Watoto wakijua hiyo sheria haina mjadala wanaitii, na bado wanahisi ni wao wamepika.

Pani iwe kavu, chapati iko na mafuta yake tayari. Moto wa chini kidogo ya kati, ukiwasha mkali chapati itaungua na chizi ndani bado iko vile ilikuwa. Kunja chapati nusu, weka, bonyeza na mwiko, funika na kifuniko cha sufuria dakika mbili hivi ndio joto lifike kwa chizi, alafu geuza upande wa pili bila kufunika ndio iwe kavu nje. Kesadia ya kukunja ni rahisi kugeuza kuliko ile ya chapati mbili moja juu ya nyingine, hiyo ya mbili iache mpaka uzoee. Ukiona chizi imeanza kutoka pembeni na kushika pani ikiwa kahawia, toa.

Usimpe mtoto saa hiyo. Chizi iliyoyeyuka inashika ulimi na inaunguza vibaya kuliko chai, iache kwa kibao dakika tatu, na hapo pia ndio inaganda kidogo ukikata isimwagike. Kata na makasi safi ya jikoni, ni rahisi kuliko kisu, vipande vitatu vya pembe tatu kwa kila moja. Kwa mtoto mdogo wa mwaka na kitu ukate vidogo zaidi na chizi isiwe nyuzi ndefu.

Pembeni sisi tunaweka ovakado iliyopondwa na ndimu na chumvi kidogo, na maziwa lala niliyoyachuja kwa kitambaa mpaka yakawa mazito, inachukua masaa machache kwa friji, hiyo ndio badala ya ile krimu chachu ya supamaketi na mimi naipenda zaidi. Ketchapu wakiomba wapewe, si vita ya kupigana.

Za shule nazo nitengeneze aje, wengi wameniuliza. Zijaze usiku, zikunje mbichi, uzifunike kwa friji, asubuhi unapasha tu wakati chai inachemka. Zipoe kabisa kabla hujafunga kontena, ukifunga na mvuke zitakuwa laini kama uji mpaka saa nne. Kwa lanchi boksi usiweke nyanya wala ovakado ndani, maharagwe na chizi na mahindi zinatosha, na chungwa kando. Zile zimebaki jioni usizipashe kwa maikrowevu, chapati inakuwa ngumu kama mpira, rudisha kwa pani kavu moto mdogo. Maharagwe yaliyopondwa yanakaa friji siku tatu, yakizidi hapo peleka friza, na ukiyatoa yapashe mpaka yatokote kabisa kabla hayajafika kwa chapati ya mtoto.