Tafuta kiima kwanza: ushauri kwa anayejifunza Kiingereza

Mtoto wa Tabora anayemaliza darasa la saba kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, huambiwa mapema kwamba upatanisho wa kiima na kitenzi ni mlima. Mimi ninayefundisha tuisheni ya Kiingereza mjini hapa siamini hivyo. Mtoto huyo amekuwa akipatanisha maneno tangu alipoanza kuzungumza, tena kwa ngeli nyingi, ilhali Kiingereza kinamtaka kidogo sana: ukiacha "be" na "have", kinachobaki hasa ni ile "s" au "es" inayoongezwa mwishoni mwa kitenzi cha wakati uliopo, kiima kinapokuwa nafsi ya tatu umoja. Katika ukanushi "s" hiyo huhamia kwenye kitenzi kisaidizi na hairudiwi, ndiyo maana tunaandika "She does not go", wala si "She does not goes".

Linalowasumbua wengi ni kukitambua kiima chenyewe pale sentensi inaporefuka. Mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni, "The honey from the villages of Sikonge are sold in town." Sikumtajia kanuni yoyote, nilimwomba aiseme sentensi hiyo kwa Kiswahili, naye akajibu bila kusita, "Asali kutoka vijiji vya Sikonge inauzwa mjini." Nikamuuliza kwa nini hakusema "vinauzwa". Alinyamaza kidogo, kisha akafuta "are" na kuandika "is".

Basi ushauri wangu ni huu: kabla ya kuandika kitenzi, iseme sentensi kwa Kiswahili, sikiliza kiambishi kilicho mwanzoni mwa kitenzi, kisha urudi nyuma kutafuta nomino iliyokileta. "Bei ya maembe imepanda" itakupa "The price of mangoes has gone up", hata kama maembe ndiyo yaliyo jirani na kitenzi. "Kila mtu amefika" itakupa "Everyone has arrived". Ukisikia "Idadi ya wanafunzi imeongezeka", andika "The number of students has increased". Ukisikia "Wanafunzi kadhaa wamehama", andika "A number of students have moved", kwa kuwa hapo wanaozungumziwa ni wanafunzi, si idadi yao. Ndiyo sababu inaniuma kuona mwanafunzi akiadhibiwa kwa kuzungumza Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, kwani ananyang'anywa kipimo anachokimudu kuliko vyote.

Hata hivyo, kipimo hiki kinakuonyesha kiima tu. Umoja na wingi wake lazima uamuliwe kwa Kiingereza. Maziwa "yamemwagika" na mahindi "yamekauka" kama vile mawe "yameanguka", lakini Kiingereza huandika "The milk is" na "The maize is", kwa kuwa hakivihesabu vitu hivyo kimoja kimoja. Habari "zimefika", lakini "The news has arrived", licha ya "s" iliyo mwishoni mwa nomino hiyo. Nomino za namna hii ziandike nyuma ya daftari kila unapokutana nayo mpya, pamoja na sentensi nzima, maana neno likikaa peke yake husahaulika upesi.

Mtego ninaousahihisha mara nyingi zaidi, hata kwa wanafunzi wa kidato cha sita, ni wa "pamoja na". Sisi husema, "Mwalimu pamoja na wanafunzi wake wamefika," na sikio linaridhika kabisa. Kiingereza rasmi huhesabu mwalimu peke yake: "The teacher, together with his students, has arrived." Ukitumia "and", wote wawili huwa kiima na kitenzi huwa "have", ukitumia "together with", "as well as" au "along with", kinachofuata baada ya maneno hayo hakihesabiwi. Katika mtihani, zungushia sehemu hiyo kwa penseli, soma sentensi kana kwamba haipo, ndipo uchague kitenzi.