Ko 500 ni Kiasi Gani?

SWALI: Mhariri, ninaomba ufadhili wa masomo kwa fomu ya intaneti inayotaka kila hati isizidi 500 Ko. Diploma yangu niliipiga picha kwa simu, juu ya meza iliyotandikwa kitenge, na simu inaonyesha 3.4 MB. Nilidhani 3.4 ni ndogo kuliko 500, lakini fomu inaikataa. Nikabadilisha mwisho wa jina la faili kuwa PDF, ikakataliwa tena. Nifanyeje?
Msomaji, Kadutu, Bukavu

JIBU: Ndugu msomaji, kilichokuponza ni lugha mbili kukutana katika hati moja. Fomu za Kifaransa hupima faili kwa okteti, ambayo kwa Kiingereza huitwa baiti; kwa hiyo Ko ni sawa na KB, na Mo ni sawa na MB. Mo 1 ina Ko 1,000 (kompyuta nyingine huhesabu 1,024), basi picha yako ina Ko 3,400 hivi, karibu mara saba ya kiwango kinachoruhusiwa. Jihadhari tu na Mb yenye b ndogo: hiyo ni ya biti, na biti nane ndizo hufanya baiti moja.

Kubadilisha jina hakupunguzi kitu, kama vile gunia la makala halipungui uzito kwa kuandikwa “kilo moja”. Uzito wenyewe unatokana na vitone vya picha. Simu ya megapikseli 12, yaani vitone milioni 12, hupiga vitone 4,000 kwa 3,000, ilhali ukurasa wa A4 husomeka vizuri ukiwa na vitone 1,240 kwa 1,754, ambavyo havifiki hata moja ya tano ya vile vya kwanza. Kwa hiyo kata kwanza kitenge chote kinachoonekana pembeni, maana maua yake na michoro yake midogo hula nafasi kuliko karatasi nyeupe. Kisha punguza upana hadi vitone 1,240, na ikibaki juu kidogo ya Ko 500, shusha ubora wa JPEG, yaani aina ya faili ya picha, hadi 70 hivi kati ya 100. Ndipo uigeuze kuwa PDF kwa programu, kama fomu inataka hivyo.

Wengi hujitumia picha kwa WhatsApp ili ipungue, na kweli hupungua. Mimi siipendi sana njia hiyo, kwa sababu kiasi cha kupunguza hukichagui wewe. Vyovyote utakavyofanya, kabla ya kutuma fungua faili mpya, ikuze, usome namba ya diploma na maandishi yanayozunguka muhuri. Yakiwa ukungu mtupu, rudi kwenye picha ya awali, ambayo natumaini hujaifuta.