Peke yangu na pikipiki hadi Amani: kikaratasi changu kilivyonidanganya

Siku ya nne ya safari niliamka Tanga nikiwa na kikaratasi mfukoni. Nilikuwa nimekiandika mwenyewe: Tanga, Muheza, Amani, kushuka, Korogwe, Mombo, Lushoto. Chakula cha usiku Lushoto. Nilikuwa nimetoka Dar kwa njia ya pwani, nikapita Bagamoyo, nikavuka mto Pangani, siku tatu za mchanga na minazi bila hata pancha moja, na kichwa kilishaanza kuvimba. Kilomita za kikaratasi kile hazikufika 250. Kwa aliyezoea lami ya Dar hadi Morogoro, hizo ni za kumaliza kabla ya adhuhuri ukapumzika.

Sikufika Lushoto siku ile. Naandika haya kwa ajili ya mwenye pikipiki yake ya cc 150 anayewaza kupanda milima ya Usambara peke yake, asije akaandika kikaratasi kama changu.

Kwanza nilichelewa kuondoka, na kosa si la barabara. Chai ya Tanga ina namna yake ya kumkalisha mtu barazani. Maharage ya nazi, chapati, kisha mtu anakuuliza habari za Dar, na wewe kwa adabu huwezi kujibu kwa neno moja. Nilipowasha injini ilikuwa saa 3 na nusu asubuhi. Ukitaka mlima, chai hiyo uinywe jana yake.

Hadi Muheza ni lami na mashamba ya mkonge, hakuna la kusimulia. Ila Muheza usipite tu. Jaza tangi hapo. Huko juu petroli ya chupa utaipata, lakini bei ni ya muuzaji na usafi ni wa Mungu. Weka salio na chaji ya kutosha kwenye simu, maana kiingilio cha hifadhi ya msitu wa Amani hulipi kwa kumkabidhi mtu noti mkononi, unapewa namba ya malipo. Nunua machungwa. Na kabla ya kuiacha lami, punguza upepo wa tairi kidogo, paundi tatu au nne. Tairi lililojaa kama ngoma hurukaruka juu ya mawe badala ya kuyashika. Usizidishe, hasa la nyuma lenye mzigo, tyubu isije ikabanwa kwenye rimu ikachanika.

Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita 30 na ushei. Mimi nilizipa saa moja. Zilichukua karibu saa tatu, na sikuwa nimeharibikiwa na chochote. Njia yenyewe ndivyo ilivyo. Chini unapita vijiji, mbuzi, watoto wanaopunga mkono, mpaka lango la Sigi, ambako bado ipo nyumba ya mkuu wa stesheni ya enzi ya Wajerumani. Walileta reli hadi hapo, ikaishia hapo. Ningekuwa na akili siku ile ningejiuliza kwa nini treni haikuendelea. Baada ya lango ni kona juu ya kona, udongo mwekundu, mizizi, vijito vinavyokatiza barabara, na miti mirefu inayofunga anga. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Hondohondo wanapita juu wakipiga kelele kama tarumbeta za harusi. Nilisimama mara nyingi kuliko nilivyopanga, na sijutii hata moja.

Juu, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, hewa inabadilika kabisa. Asubuhi nilikuwa natoka jasho Tanga, mchana navaa jaketi. Kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, yenye miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia, na ukiendelea mbele unakutana na mashamba ya chai. Iliki nilinunua kwa mzee mmoja aliyekaa chini ya mwavuli ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Shikamoo mzee. Mwavuli wa nini na jua hili?"

"Marahaba mwanangu. Mvua ya huku haipigi hodi. Unalala wapi leo?"

"Lushoto."

Alicheka, akaniongezea iliki kidogo, hakusema zaidi. Mwenyeji akicheka mpango wako, ubadilishe papo hapo. Mimi nilitazama kikaratasi.

Mvua ilinikuta saa 9 mchana, nikiwa ndiyo kwanza naanza kushuka. Pwani watu husubiri masika na vuli; Usambara Mashariki mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kama milimita 2,000. Nilikuwa na haraka, kwa hiyo nilifanya kile ninachowakataza wengine: niliweka frii, yaani bila gia, ili iteremke yenyewe na nikategemea breki. Baada ya kona kadhaa breki ya nyuma ikaanza kuwa laini, mguu unazama na pikipiki haipungui mwendo. Shuu za breki zikipata moto sana hazishiki. Nikaogopa, na mkono wa kulia ukafanya unachofanya mkono wa mtu mwenye hofu, ukabana breki ya mbele. Juu ya udongo ule mbichi tairi la mbele likateleza kama sabuni.

Nilianguka taratibu, upande wa kushoto, wa ukuta wa mlima. Wa kulia ulikuwa wa bonde. Goti lilichubuka. Mkono wa klachi ulikatika, ukabaki kisiki cha vidole viwili.

Kuhusu kushuka nitasema kirefu kidogo, kwa sababu watu wengi huogopa kupanda wakati kupanda ndiko rahisi. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Injini ndiyo breki yako kuu. Utaisikia inalalamika, iache ilalamike. Breki za mguu na mkono uziguse kwa vipindi, bana na uachie, na uzitumie kabla ya kona pikipiki ikiwa bado wima. Ukishalala kwenye kona, ziache. Ukiona breki inalegea, simama mahali salama, zima, kula chungwa. Dakika 20 zinatosha shuu kupoa. Petroli unayookoa kwa kuteremka na frii haifiki hata bei ya soda.

Vijana wawili wa bodaboda walinikuta nimekaa pembeni. Walinipa pole na kuuliza kama nimeumia, kisha mmoja akakata kijiti, akakifunga kwenye kisiki cha klachi kwa utepe wa tyubu kuukuu aliokuwa ameuzungusha kwenye usukani wake. Kazi ya dakika tano. Alikataa hela, akakubali machungwa. "Dada, tangulia, sisi tuko nyuma yako," akasema, na kweli walinifuata hadi chini.

Mwanamke peke yake kwenye pikipiki huulizwa maswali. Mwanzoni nilikuwa nasema mume wangu yuko mbele na gari. Uongo huo unachosha, na ukianguka mlimani humpati huyo mume. Siku hizi nasema ukweli nusu: natoka kwa shangazi, naelekea kwa mama mdogo, na huko wanajua saa yangu ya kufika. Jina la gesti simwambii mtu wa njiani. Dada yangu aliye Dar namtumia ujumbe kila ninaposimama kwa muda, na namwambia pia pale ambapo mtandao utapotea, asije akaamsha ukoo mzima.

Mzigo wangu ulikuwa mkubwa mno. Nusu ya nguo sikuzivaa. Lakini jaketi la mvua nililifungia chini kabisa ya begi, ndani ya salfeti, kwa hiyo lilibaki kavu na mimi nikalowa. Liweke juu, mkono ulifikie.

Nilifika Muheza giza likiingia. Lushoto ilikuwa bado mbali kwa barabara kuu ya malori na mabasi, na pikipiki zisizo na taa. Kile kijiti kilikuwa kimeanza kulegea. Nikatafuta gesti, nikakichana kikaratasi, nikala wali na samaki, nikalala saa 3.

Asubuhi fundi wa kando ya stendi alinifungia mkono mpya wa klachi kwa bei ya kuchekesha. Nikamwambia anipe na wa pili. Akaniuliza wa nini, pikipiki si ina mmoja tu? Nikaufunga chini ya kiti kwa utepe wa tyubu uleule wa kijana wa Amani, ndipo nikaondoka kuelekea Korogwe.