Anza na daftari la mwanafunzi

Wanaoanza kutafiti historia ya vyuo vya sanaa na ubunifu vya karne ya 20 hunijia karibu wote na kitu kilekile mkononi: ilani ya chuo, mtaala, au hotuba ya mkuu wa chuo. Nawaelewa, maana karatasi hizo zimechapwa vizuri na hupatikana bila taabu. Mimi pia nilianzia hapo. Karibu mwaka mzima niliandika kuhusu chuo kimoja nikifuata mtaala wake, hadi siku nilipoonyeshwa daftari la mtu aliyesoma pale. Somo la rangi, ambalo mtaala ulilipangia saa nyingi kuliko mengine yote, lilikuwa na kurasa mbili tu. Kurasa zilizobaki zilijaa vipimo vya mbao, michoro ya viungio na orodha ya vifaa alivyoazima karakana. Sura yote niliiandika upya.

Chukua Bauhaus, chuo cha sanaa na ubunifu kilichoanzia mji wa Weimar, Ujerumani, kwa sababu huwezi kuikwepa. Ilani ya 1919 ya Walter Gropius, mwanzilishi na mkuu wake wa kwanza, inafungua kwa kutangaza kwamba lengo la mwisho la sanaa zote ni jengo. Ukiishia hapo utaandika kwamba wanafunzi wa Weimar walisomea usanifu majengo, na utakuwa umekosea: idara hiyo ilifunguliwa 1927, chuo kikiwa kimeshahamia mji wa Dessau. Programu iliyokwenda pamoja na ilani iliahidi kupokea watu bila kujali umri wala jinsia. Wanawake walikuja kwa wingi, kisha wengi wao wakasukumiwa kwenye karakana ya ufumaji. Humo walitokea Gunta Stölzl na Anni Albers, na kazi zao ni kubwa kwelikweli, lakini uchaguzi waliopewa ulikuwa mwembamba kuliko ahadi. Sikwambii uitupe ilani. Isome kama maneno ya siku ya kwanza, kisha utafute Jumanne ya kawaida ya mwaka wa tatu: nani aliingia darasa gani, akitumia nini, akisahihishwa na nani.

Jambo la pili ni kujua nani alikata kitambaa, yaani nani aliamua kipi kiingie na kipi kiachwe. Mwaka 1938 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalifanya maonyesho makubwa ya Bauhaus, na jina lake likataja miaka ya 1919 hadi 1928. Chuo kiliishi hadi 1933. Mwaka 1928 ndio Gropius alioondoka, na waandaaji walikuwa yeye mwenyewe, mkewe Ise na Herbert Bayer. Miaka ya Hannes Meyer na ya Mies van der Rohe, wakuu waliomfuata, ikaachwa nje. Kwa hiyo hata tarehe ya kwenye jalada ni ushahidi. Picha nazo ni hivyohivyo. Nyingi za zile zilizoyafanya majengo ya Dessau yajulikane duniani zilipigwa na Lucia Moholy. Alipokimbia Ujerumani mwaka 1933 aliacha negativu zake za vioo, zikatumika kwa miaka mingi bila jina lake, na mpaka miaka ya 1950 alikuwa bado anadai arudishiwe. Ninakuomba sana, usiweke picha kwenye kazi yako kabla hujatafuta aliyeipiga.

Mazoezi ya darasani ndiyo yanayoteleza zaidi. Josef Albers, mwalimu wa Bauhaus, aliwapa wanafunzi karatasi tupu au magazeti, bila gundi, awaone watapata nini kwa kukunja na kukata. Kazi za namna hiyo nyingi ziliishia pipani. Tunachokiona leo ni zaidi zile zilizopigwa picha, yaani zile ambazo mtu aliona zinastahili kupigwa. Zile zilizoporomoka hatunazo, ingawa pengine ndizo zilizofundisha zaidi.

Nyaraka za chuo kimoja hazikai mahali pamoja. Fuata aliyelipa: Bauhaus ya Weimar ilikuwa ya serikali, hivyo majalada yake mengi yako kwenye hifadhi ya serikali ya jimbo hukohuko Weimar. Nyingine ziko Berlin, na nyingine zilivuka bahari pamoja na walimu. Nenda na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi, na mweleze mtunza nyaraka unachotafuta kwa maneno ya kawaida. Mara nyingi anajua boksi ambalo orodha haikulitaja.

Penye ugomvi pana karatasi. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha sanaa cha Hornsey, London, walikikalia chuo chao na kuchapisha waraka juu ya waraka, wakipinga hata masharti ya kuingia yaliyodai vyeti vya masomo ya kawaida kwa mtu anayekuja kuchora. Chuo chenye amani hakiandiki hivyo.

Amua mapema pia maneno yako. Kijerumani kina neno Gestaltung, yaani kukipa kitu umbo, ambalo si sawasawa na dizaini, nasi tuna ubunifu na usanifu ambavyo watu huvichanganya. Chagua, eleza mara moja, usibadilishe katikati.

Na ukibahatika kumpata aliyesoma enzi hizo, usimuulize chuo kilikuwaje, kwa sababu atakupa hotuba. Muulize alibeba nini mkononi asubuhi akiingia darasani. Mzee mmoja alishindwa kabisa kunieleza zoezi la mwaka wake wa kwanza. Akaomba karatasi. Vidole vilitetemeka kidogo kwenye mkunjo wa kwanza, kisha vikaenda vyenyewe, mkunjo juu ya mkunjo, hadi karatasi ikasimama mezani kama ngazi. Akainama akaipuliza, ikayumba, ikabaki wima. "Mwalimu alikuwa anapita hivi," akasema, "anapuliza. Ikianguka, unaanza upya."